Maoni: Kamina inasifu tumbo, moyo ndio unalipa

Katika mji wa Kamina, mtu akinenepa hakuna anayemwuliza sababu. Sababu inajulikana: kazi imekubali, biashara imefunguka, nyumbani kuna amani. Lakini mtu huyo huyo akipungua kilo 10, mtaa mzima unaanza kuhesabu. "Ule papa anakonda, iko na ugonjwa gani?" Mmoja atataja kifua kikuu, mwingine atataja ukimwi kwa sauti ya chini, na hakosekani wa kusema kwamba watu wa ukoo wamemfanyia kitu. Mtaa haustahili kulaumiwa sana. Kwa miaka mingi katika Haut-Lomami kukonda kulikuja pamoja na njaa, malaria, ukimwi na kukimbia vita. Aliyenona alikuwa ameponyoka.

Kwa hiyo habari kwamba kuna watu Ulaya, Marekani, India na hata Nairobi wanaolipa maelfu ya dola ili wapasuliwe tumbo wapate kupungua, inasikika Kamina kama kichekesho. Huku watu wanatafuta chakula, kule watu wanalipa wasiweze kula. Lakini kichekesho hicho kinaficha jambo zito. Operesheni hizo zimewapa waganga nafasi ambayo zamani hawakuwa nayo: kumwangalia mtu akiwa mzito sana, kumwangalia tena mwaka mmoja baadaye akiwa amepoteza robo ya mwili wake, na kulinganisha moyo wa kwanza na moyo wa pili. Walichokiona kinawahusu wakaaji wa Kamina, hata kama mjini humo hatapasuliwa mtu yeyote kwa sababu hiyo katika miaka 20 inayokuja.

Operesheni zinazofanywa zaidi ni za namna mbili. Katika ya kwanza, mpasuaji anaondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula na kuacha kimfuko chembamba chenye umbo la ndizi. Katika ya pili anatenga kimfuko kidogo juu kabisa ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu ya njia yake ya kawaida. Mtu anashiba upesi. Zaidi ya hapo, ujumbe ambao utumbo unapeleka kwenye ubongo kuhusu njaa na shibe unabadilika, na sukari ya damu inaanza kushuka hata kabla kilo hazijapungua sana. Jirani wa mashariki, Tanzania, amechukua pia njia nyepesi zaidi: katika hospitali ya Mloganzila, iliyo chini ya Muhimbili, waganga wamekuwa wakiweka puto ndani ya tumbo la mgonjwa bila kumkata, kisha wanalitoa baada ya miezi.

Sasa moyo. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika unasukuma karibu lita 5 za damu kila dakika, na unapiga karibu mara 100 000 kwa siku. Mafuta ya mwili si gunia la makala lililofungwa nyuma ya kinga, ambalo mtu akifika analishusha. Ni sehemu hai ya mwili, nayo inataka damu kila dakika, usiku na mchana, hata mwenyewe akiwa amelala. Kadiri mwili unavyoongezeka, damu inayozunguka inaongezeka, na moyo unasukuma zaidi kila pigo. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka figo na ini, yanafanya ubaya wa ziada: yanabana figo, yanachochea mishipa ya fahamu, yanafanya mwili ushike chumvi. Tansioni inapanda. Ukuta wa moyo upande wa kushoto unakuwa mnene, kama mkono wa mtu anayepasua mawe, lakini unene huo si nguvu. Ukuta mnene unakuwa mgumu, haulegei vizuri kupokea damu, na damu inarudi nyuma kuelekea mapafu. Hapo ndipo mama aliyekuwa akitembea kutoka nyumbani hadi sokoni anaanza kusimama njiani mara tatu, akidai ni jua.

Kuna pia usingizi. Mtu mwenye mafuta mengi shingoni anakoroma, koo linajifunga, pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa, kisha anashtuka. Hilo linaweza kurudi mara nyingi sana katika usiku mmoja, na kila mara moyo unapata mshtuko na tansioni inaruka juu. Majirani wanacheka mkoromo. Ni moja ya dalili ambazo mke au mume anaweza kumpelekea mganga bila mashine yoyote.

Mtu akipasuliwa na kilo zikishuka, mambo haya yanaanza kurudi nyuma. Damu inayozunguka inapungua, tansioni inashuka, mkoromo unapungua, ukuta wa moyo unakonda na kulegea vizuri zaidi. Waganga wanauona kwa mashine ya kupiga picha ya moyo. Zamani wengi waliamini kwamba moyo uliokwisha kuharibika na unene hauna njia ya kurudi. Sehemu kubwa ya uharibifu huo, kama haujafika mbali, inarudi. Hiyo ndiyo habari ambayo ingefaa kutangazwa katika vituo vya afya vya Kamina, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu, kwa sababu haihusu kisu. Inahusu moyo wowote uliobebeshwa mzigo ambao bado unaweza kushushwa.

Hesabu zipo. Huko Sweden, kuanzia mwaka 1987, watafiti waliwafuata watu 2 010 waliopasuliwa na watu 2 037 wenye unene unaofanana ambao hawakupasuliwa. Matokeo kuhusu moyo yalichapishwa mwaka 2012, baada ya kuwafuata kwa karibu miaka 15. Kati ya waliopasuliwa, 28 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Kati ya wasiopasuliwa, 49. Huko São Paulo, Brazil, nchi ambayo chakula chake na tabaka zake za maisha zinafanana na Kongo kuliko Sweden, wagonjwa 100 wenye unene na tansioni waligawanywa kwa kura: nusu walipasuliwa na kupewa dawa, nusu walipewa dawa tu. Baada ya mwaka mmoja, zaidi ya watu 8 kwa 10 kati ya waliopasuliwa walikuwa wamepunguza dawa zao za tansioni kwa asilimia 30 au zaidi. Upande wa pili ilikuwa karibu mtu 1 kwa 10. Nusu ya waliopasuliwa walikuwa na tansioni ya kawaida bila kidonge hata kimoja.

Katika utafiti wa Sweden kuna jambo moja ambalo magazeti mengi yaliliruka, na ndilo linalofaa zaidi kusomwa Kamina. Faida ya moyo haikufuata idadi ya kilo. Waliokuwa wazito kupita wengine wakati wa kuanza si wao waliookolewa zaidi. Waliofaidika zaidi ni wale ambao mwili wao ulikuwa umeanza kushindwa kuitawala sukari, wenye insulini nyingi katika damu. Kwa maneno ya nyumbani: hatari iko ndani ya tumbo kuliko kwenye mizani. Mama mwenye makalio mapana na kiuno chembamba anaweza kuwa na moyo salama kuliko papa mwenye miguu myembamba na tumbo linalotangulia mlangoni. Utepe wa fundi cherehani unatosha kuanza uchunguzi: wanaume wakivuka sentimita 94 kiunoni na wanawake wakivuka 80, hatari imeanza, wakivuka 102 na 88, imekuwa kubwa. Mafundi wa kushona wamejaa katika mji wa Kamina. Pengine wanajua afya ya wateja wao kuliko wanavyodhani.

Ila lazima kusema ukweli wote, kwa sababu mambo haya yanauzwa pia na watu wenye maneno matamu. Utafiti wa Sweden haukugawa watu kwa kura. Waliopasuliwa walichagua wenyewe, na anayechagua kupasuliwa anaweza kuwa anajitunza zaidi katika mambo mengine pia. Na kuna pigo lingine kwa wanaosema kwamba kula vizuri na kutembea kunatosha: nchini Marekani, utafiti mkubwa wa watu 5 145 wenye ugonjwa wa sukari ulisimamishwa mwaka 2012 kwa sababu waliofundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi, ingawa walipungua, hawakupata mishtuko ya moyo michache kuliko wenzao. Walikuwa wamepoteza kiasi cha asilimia 6 ya uzito wao hadi mwisho. Waliofaulu kupoteza asilimia 10 au zaidi katika mwaka wa kwanza walionekana kuwa na afadhali. Somo lake ni gumu: kupungua kidogo kunashusha tansioni, lakini moyo unataka zaidi ya hapo, na mapema zaidi.

Hata hivyo kupungua kidogo si bure. Kwa wastani, kila kilo 1 inayopungua inashusha tarakimu ya juu ya tansioni kwa pointi 1 hivi. Mtu wa kilo 95 akifika 88, amepata karibu kile ambacho kidonge kimoja kingempa. Kwa mtu ambaye leo ana fedha za vidonge na mwezi ujao hana, pointi 7 hizo hazihitaji duka la dawa.

Kongo ina majina yake katika habari hii. Pépé Kallé, yule wa Empire Bakuba ambaye watu walimwita Tembo wa Afrika, alijaza majukwaa kwa sauti na kwa mwili. Moyo wake ulisimama mjini Kinshasa mwezi wa Novemba 1998. Hakuna anayeweza kusema leo kwamba ni uzito peke yake uliomwua. Lakini ni vigumu kukumbuka mtu aliyethubutu kumwambia hadharani kwamba mwili ule, ambao ulikuwa sehemu ya jina lake, ulikuwa pia mzigo wa moyo wake. Watu walilipa kuutazama.

Na kuna Diego Maradona. Mwaka 2004 alilazwa Buenos Aires, moyo na mapafu vikiwa taabani. Mwezi wa Machi 2005 alipasuliwa tumbo mjini Cartagena, Colombia, na miezi michache baadaye alionekana kwenye televisheni akiendesha kipindi chake mwenyewe, mwembamba, akicheka, kama mtu aliyerudishiwa maisha. Miaka miwili baada ya operesheni alikuwa hospitalini tena kwa ajili ya pombe. Alifariki tarehe 25 Novemba 2020, akiwa na miaka 60, na uchunguzi wa mwili ulionyesha moyo uliochoka kwa muda mrefu na mapafu yaliyojaa maji. Kokeini na pombe zilikuwa zimeshiriki katika kuuchosha. Wapasuaji wanajua kwamba baada ya operesheni ya kuruka utumbo pombe inapanda kichwani haraka zaidi, na kwamba baadhi ya watu ambao zamani walikunywa kidogo wanajikuta wakinywa sana. Operesheni ilimpa Maradona miaka. Haikumpa mtu wa kumfuata kila mwezi.

Neno hilo, kumfuata, ndilo linaloigusa Kamina moja kwa moja. Wakongo wenye uwezo wamezoea kwenda Afrika ya Kusini au India kutafuta matibabu makubwa, na hakuna sababu ya kufikiri kwamba operesheni ya tumbo itabaki nje ya mazoea hayo. Mtu atakwenda, atapasuliwa vizuri, katika hospitali ambako hatari ya kufa kutokana na operesheni yenyewe iko chini ya mtu 1 kwa 100. Atarudi na kovu dogo na karatasi ya Kiingereza. Kisha ataanza maisha mapya kwenye kituo cha reli ambacho njia zake zinakwenda Lubumbashi, Ilebo na Kalemie, na kote huko mwendo ni wa kuhesabu siku.

Mambo yanayoweza kumpata si ya ajabu, ni ya kila siku. Alikuwa akimeza vidonge vitatu vya tansioni. Tansioni imeshuka kwa sababu ya kupungua, lakini hakuna aliyempima, na anaendelea na vidonge vitatu vile vile. Asubuhi moja anasimama kutoka kitandani na kuanguka. Alikuwa akimeza dawa ya sukari ya glibenklamidi. Sasa anakula bukari kiasi cha kiganja kimoja, dawa ni ile ile, na sukari inashuka mpaka anapoteza fahamu. Familia itasema ni uchawi au ni operesheni. Ni kidonge ambacho kilipaswa kupunguzwa mapema.

Baadaye, taratibu zaidi, unakuja upungufu wa vitamini. Utumbo ulioruka sehemu yake hauchukui vizuri vitamini B12, chuma na kalsiamu. Mtu anahitaji vidonge hivyo, au sindano ya B12, maisha yake yote. Katika mji ambako malaria na minyoo tayari vinanyonya damu, kukosa chuma na B12 juu yake ni kuongeza moto kwenye nyumba inayoungua. Damu ikiwa nyepesi, moyo unalazimika kupiga haraka zaidi ili kufikisha hewa mwilini. Moyo ule ule uliokuwa umepumzishwa unarudishwa kazini. Anayetapika sana katika wiki za kwanza anaweza kuishiwa vitamini B1, na hiyo ikikosekana moyo unaweza kuvimba na kushindwa kwa siku chache, pamoja na akili kuchanganyikiwa. Dawa yake ni sindano ya bei ndogo. Muuguzi asiyeambiwa kwamba mgonjwa alipasuliwa tumbo hatawaza kuitafuta, na mgonjwa anayeona haya kusema alikokwenda hatamwambia.

Haya hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye mtaa ule unaouliza amepatwa na nini. Mtu aliyepungua kilo 35 kwa miezi 10 hana jibu linalomridhisha jirani. Akisema operesheni, ataonekana mtu wa majivuno aliyelipa dola ili asile. Akinyamaza, ataonekana mgonjwa wa ukimwi. Na wale wasio na dola, walioambiwa na mganga wapunguze mawese na pombe na watembee, wanakutana na ukuta huo huo kwa kilo 5 tu. Wapo wanaoacha katikati si kwa sababu ya tamaa bali kwa sababu mama mkwe amelia. Mganga anayempa mtu shauri la kupungua bila kuzungumza pia na mke, mume au mama wa nyumba anayepakua chakula amefanya nusu ya kazi.

Upande wa pili wa biashara hii unatisha zaidi. Wakati wengine duniani wanalipa wapungue, katika miji ya Kongo, Kinshasa kama Lubumbashi, wasichana na wanawake wananunua vidonge vya kunenepesha. Vinatafutwa kwa ajili ya makalio na mashavu, kwa majina ya mitaani. Ndani yake mara nyingi kuna siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula, au deksametasoni, dawa yenye nguvu ambayo waganga huitumia kwa magonjwa makali na kwa siku zinazohesabiwa. Deksametasoni ikimezwa kwa miezi inapandisha tansioni, inapandisha sukari, inahamisha mafuta kuyapeleka tumboni na usoni, na mwili unaizoea kiasi kwamba kuiacha ghafla kunaweza kumwangusha mtu. Yaani msichana wa miaka 22 ananunua, kwa franka chache, mwili ule ule ambao moyo wa mama wa miaka 50 unaulipia. Wenye maduka ya dawa wanaijua tofauti kati ya dawa ya karatasi ya mganga na dawa ya kuuza kama pipi. Wakaguzi wa afya wa jimbo wanaijua pia. Hapa hakuna haja ya utafiti mwingine.

Watu watapinga, na pingamizi lao lina uzito. Nchini Kongo zaidi ya watoto 4 kwa 10 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa kwa kukosa lishe. Katika jimbo ambako mama anahesabu vikombe vya unga, kuzungumza juu ya unene si kutukana masikini? Ingekuwa hivyo kama njaa na unene vingekuwa vya watu wawili tofauti. Lakini mtoto aliyedumaa leo, akikua na kupata kazi, akahama kutoka shamba kwenda kiti cha ofisi au cha pikipiki, mwili wake uliofundishwa kuweka akiba unaweka mafuta tumboni upesi kuliko wa mwingine, na tansioni na sukari vinamfuata. Nyumba moja inaweza kuwa na mjukuu mwenye utapiamlo na nyanya mwenye tansioni, wanakula sahani moja: bukari nyingi, sombe kidogo, chumvi ya makayabo, kijiko cha mawese, na kipande cha kiungo cha mchuzi kinachoongeza chumvi juu ya chumvi. Umasikini ndio unaojaza sahani wanga na chumvi, kwa sababu ndivyo vya bei nafuu. Samaki wabichi wa maziwa ya Upemba, ambao ni chakula kizuri kwa wote wawili, wanapita Bukama na kwenda kwenye miji yenye fedha zaidi.

Pingamizi la pili ni la waganga wenyewe: moyo unaougua Haut-Lomami si wa unene tu. Ni kweli kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wa wagonjwa 1 006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo, ulionyesha kwamba wastani wa umri ulikuwa miaka 52 tu. Karibu nusu yao, asilimia 45, moyo ulikuwa umeharibiwa na tansioni. Wengine walikuwa na valvu zilizoharibiwa na homa ya koo isiyotibiwa utotoni, wengine ni akina mama ambao moyo ulilegea karibu na kujifungua. Kumwambia mama huyo apunguze kula ni ujinga na ni hatari. Ndiyo sababu shauri la kupungua lazima litanguliwe na kipimo. Mtu anayevimba miguu anaweza kuonekana amenenepa kumbe ni maji, na mizani haitofautishi maji na mafuta.

Asilimia 45 ile ndiyo inayoonyesha pa kuanzia. Tansioni ni mlango ambao unene unaupitia kuingia moyoni, pamoja na chumvi, umri na urithi wa ukoo. Mlango huo unaweza kulindwa Kamina, leo, bila chumba kipya cha operesheni. Kila mtu mzima anayeingia kituo cha afya, hata kama amemleta mtoto kuchanjwa, hata kama amekuja kwa malaria, angefungwa kile kitambaa cha mkononi na kusomewa tarakimu zake mbili, naye akarudi nyumbani akizijua kama anavyojua namba yake ya simu. Vidonge vya tansioni kama amlodipini na haidroklorotiazidi havina hati miliki tena na ni vya bei nafuu duniani. Kinachovifanya viwe ghali Kamina ni kutokuwepo: mgonjwa anapata vya mwezi mmoja, mwezi wa pili rafu ni tupu, anaamini amepona, na mwezi wa tano anapooza upande mmoja.

Dawa mpya za kupunguza uzito kwa sindano zitafika pia, na tayari zinazungumzwa mitandaoni. Mwaka 2023 utafiti wa watu zaidi ya 17 000 wenye unene na ugonjwa wa moyo, lakini bila ugonjwa wa sukari, ulionyesha kwamba semaglutidi ilipunguza mishtuko ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20. Ni matokeo makubwa. Lakini ni dawa ya kukaa kwenye baridi, ya bei kubwa, na mtu akiiacha sehemu kubwa ya kilo inarudi. Katika nchi ambako deksametasoni inauzwa kama pipi, semaglutidi bandia itafika Kamina kabla ya ile ya kweli.

Tangu mwaka 2025 mkuu wa Shirika la Afya Duniani kwa Afrika, mwenye ofisi Brazzaville, ng'ambo tu ya mto kutoka Kinshasa, ni Profesa Mohamed Janabi, mganga wa moyo kutoka Tanzania aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Muhimbili. Watanzania walimzoea akizungumza kwa Kiswahili chepesi juu ya sukari, mafuta ya tumboni na kula kupita kiasi, mpaka wengine wakamtania kwamba anawanyima chakula. Redio za Haut-Lomami zinatangaza kwa Kiswahili na Kiluba. Hakuna kinachozuia kipindi cha dakika 10 kwa wiki katika lugha hizo mbili, chenye mganga wa jimbo, fundi wa kushona na mama mmoja wa soko aliyepungua kilo 8 na yuko tayari kueleza kwa nini hakuugua.

Kifaa cha kupima tansioni cha kubana kwa mkono hakihitaji umeme, wala intaneti, wala karatasi ya Kiingereza. Kinahitaji sikio la muuguzi na dakika tatu. Kwa yule atakayerudi kutoka nje na tumbo lililokatwa, na kwa yule ambaye hajawahi kutoka Kamina, kipimo ni hicho hicho. Swali ambalo wabunge wa jimbo wangeweza kumwuliza waziri wao wa afya katika kikao kijacho ni la kuhesabika: vipo vingapi vinavyofanya kazi, katika vituo vipi?